Kasi Sifuri: Uhakiki wa Istilahi za Mwendo katika Kiswahili

I

Katika makala haya nakusudia kuyapima maneno matatu ambayo walimu wetu wa hesabu na wa sayansi huyatumia kila siku, nayo ni mwendokasi, kasi, na mchapuko. Mimi si mwanafizikia, wala sijitii kuwafundisha wanafizikia kazi yao. Lakini istilahi ni neno kabla ya kuwa chombo cha sayansi, na kila neno lina sarufi yake, jamaa zake, na mazoea yake katika vinywa vya watu. Mambo hayo ndiyo kazi yetu sisi wachunguzi wa lugha, nasi tukiyaacha, mzigo wake huwaangukia watoto.

Nasema huwaangukia watoto kwa sababu nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Niliwahi kualikwa katika shule moja ya msingi kusikiliza somo la darasa la saba. Mwalimu, mtu hodari na mpole, alikuwa akieleza uhusiano wa umbali, muda na mwendokasi. Alipokwisha kueleza aliuliza: basi limesimama kituoni likipakia abiria, je, mwendokasi wake ni kiasi gani? Msichana mmoja akasimama akajibu, "Limesimama, mwalimu. Halina mwendokasi." Akaambiwa kuwa amekosa, na kwamba jibu ni sifuri. Akaketi, akaandika sifuri katika daftari lake kwa utii, wala hakuonyesha dalili ya kuelewa kosa lake lilikuwa nini.

Mimi niliyekuwa nimeketi nyuma ya darasa nilijua kwamba kwa sarufi ya Kiswahili msichana yule hakukosa hata kidogo. Tena nilikuwa na sababu ya kuona haya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatajia wanafunzi wangu wa chuo neno mwendokasi kuwa ni mfano mzuri wa istilahi iliyoundwa kwa mali ya lugha yenyewe, bila ya kukopa. Makala haya, basi, ni uhakiki wa neno hilo, na pia ni kuitengua kauli yangu mwenyewe.

II

Kwanza yafaa tuseme kwa ufupi ni mambo gani yanayohitaji majina. Tuchukue mfano wa mtu anayejulikana sana. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika michezo ya Olimpiki mjini Mexico, Naftali Temu wa Kenya alishinda mbio za mita 10,000 kwa muda wa dakika 29 na sekunde 27.4, ikawa ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa nchi yake. Tukizigawa mita 10,000 kwa sekunde 1,767.4 twapata takriban mita 5.66 kwa kila sekunde. Hiki ni kipimo cha kwanza: njia iliyopitwa, igawanywe kwa muda uliotumika. Hakijali mkimbiaji alielekea wapi.

Lakini mbio hizo ni mizunguko 25 ya uwanja wa mita 400, na mkimbiaji humalizia penye mstari uleule alipoanzia. Tusipouliza alipita njia ndefu kiasi gani, bali tukauliza alihama kiasi gani kutoka mahali pake, na kwa upande gani, jibu ni kwamba hakuhama. Basi kipimo cha pili, yaani kuhama kwa kitu kugawanywe kwa muda, wastani wake kwa mbio nzima ni sifuri. Vipimo hivi viwili Waingereza huviita speed na velocity. Si jina moja lenye visawe viwili. Ni mambo mawili yanayoweza kutofautiana kama 5.66 na sifuri.

Kipimo cha tatu ni kile cha badiliko. Mkimbiaji akitoka penye mstari, kipimo cha pili chabadilika kwa kuongezeka. Akichoka, chabadilika kwa kupungua. Akipinda konani, chabadilika kwa sababu upande umebadilika, hata kama miguu yake haikuongeza wala kupunguza kitu. Mabadiliko yote matatu, yakigawanywa kwa muda yaliotokea, ni jambo moja kwa mwanafizikia, na lina jina moja.

Mtu wa pwani asidhani kwamba mambo haya ni mageni kwake. Nahodha anayetaka kwenda penye asili ya upepo hawezi kwenda moja kwa moja; hana budi kubisha, akakata maji upande huu, kisha akageuza tanga akakata upande ule. Chombo chaweza kwenda vizuri mchana kutwa, maji yakipasuka omoni, na jioni minazi ileile ya asubuhi ikawa bado inaonekana. Nahodha anajua vema kwamba kwenda sana si kuendelea sana. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili anayo kichwani. Hana majina yake tu.

III

Pengine msomaji atauliza: ikiwa jambo lajulikana, jina lina kazi gani? Historia ya elimu hii yenyewe yajibu. Hapo kale, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya darubini ya Galileo, wanazuoni wa Merton College huko Oxford walibishana juu ya mwendo bila ya kupima chochote. Kazi yao ilikuwa kuyafafanua maneno ya Kilatini. Katika mwaka 1335 William Heytesbury aliandika kwamba kasi ya kitu kwa wakati mmoja tu usiogawanyika yapimwa kwa njia ambayo kitu kingeipita kama kingeendelea vilevile kwa muda fulani. Tuangalie alilolifanya: alikipa maana kitu ambacho hakionekani wala hakishikiki, yaani kasi ya papo hapo, kwa nguvu ya fasili. Kutoka katika fasili za namna hiyo walipata kanuni iliyo sahihi hadi leo, kwamba kitu kinachoongeza kasi sawasawa hupita umbali uleule ambao kingeupita kama kingekwenda muda wote kwa kasi ya katikati.

Galileo naye aliteleza katika neno kabla ya kusimama. Mwaka 1604 alimwandikia Paolo Sarpi akisema kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kadiri ya umbali kilioanguka. Lilikuwa kosa. Katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, ambamo mazungumzo yameandikwa kwa Kiitaliano na hoja za hesabu kwa Kilatini, alilisahihisha: kasi huongezeka kwa kadiri ya muda. Embe likianguka, tukiacha kizuizi cha hewa, mwisho wa sekunde ya kwanza lina kasi ya mita 9.8 kwa sekunde, mwisho wa ya pili 19.6, mwisho wa ya tatu 29.4. "Kuongezeka sawasawa" ni maneno mawili tu, lakini mtu asiyesema ni sawasawa kwa kadiri ya nini hajasema kitu. Hata Galileo alihitaji miaka mingi kulisema vizuri.

Kwa hiyo si kweli kwamba wanasayansi humaliza kazi yao kwanza, kisha watu wa lugha wakaja kubandika vibandiko. Fasili ya neno ni sehemu ya kazi yenyewe. Na mwanafunzi anayepewa neno baya hupewa pamoja nalo fasili iliyopinda.

IV

Sasa tuje kwa mwendokasi. Neno hili ni ambatani ya nomino mbili, mwendo na kasi. Katika Kiswahili, ambatani ya nomino mbili, moja ikiifafanua nyingine, huwa na kichwa chake mwanzoni. Nomino ya pili huja kueleza aina. Garimoshi ni gari, si moshi. Batamzinga ni bata, si mzinga. Mbwamwitu ni mbwa, si mwitu. Kwa kanuni hiyohiyo mwendokasi ni mwendo, si kasi: ni mwendo wa aina fulani, aina ya kasi. Waundaji walitaka kusema "kasi ya mwendo", lakini sarufi imesema "mwendo wa kasi". Upatanisho wa maneno nao washuhudia, maana twasema mwendokasi wake, mwendokasi mkubwa, kwa ngeli ya mwendo.

Tazama sasa watu wa mitaani wamelifanya nini neno hili. Mabasi ya Dar es Salaam yanayopita katika njia zake yenyewe yalipoanza kazi mwaka 2016, jina lake rasmi lilikuwa mabasi yaendayo haraka. Wananchi hawakuchelewa, waliyaita mwendokasi, na mtu akisema leo "nimepanda mwendokasi" hakuna asiyemwelewa. Reli mpya ya umeme ilipoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ikiwa imejengwa kwa ajili ya treni za kilometa 160 kwa saa, nayo iliitwa treni ya mwendokasi. Kadhalika katika habari za ajali twasoma kwamba chanzo ni mwendokasi, na hakuna anayeuliza ni mwendokasi wa kiasi gani. Neno lenyewe limekwisha kusema kwamba ulipita kiasi.

Wako wenzetu wanaolalamika kwamba mitaa imeiharibu istilahi. Mimi naona kinyume. Mitaa imelifasiri neno sawasawa na sarufi, na sisi ndio tuliolifasiri vibaya. Wao wamesikia mwendo wa kasi, nao wakalitumia kwa vitu vyenye mwendo wa kasi. Yule msichana wa darasa la saba alifanya vivyo hivyo. Basi lililosimama halina mwendo. Na kisicho na mwendo hakiwezi kuwa na mwendo wa kasi. Kumwambia aseme kwamba basi lina mwendokasi wa sifuri ni kumwambia aseme kwamba mtu asiyekuwa na gari ana garimoshi sifuri: hesabu yapita, lugha yakwama.

Napendekeza hapa kipimo ambacho kila istilahi ya kiasi yapasa kukipita kabla ya kupelekwa darasani. Lijaribiwe mara tatu. Kwanza kwa sifuri: je, laweza kusemwa juu ya kitu kisichokuwa na sifa hiyo hata kidogo? Pili kwa udogo: je, laweza kusemwa juu ya konokono bila ya kumchekesha msikilizaji? Tatu kwa kinyume: je, laweza kuvumilia alama ya kutoa mbele yake? Mwendokasi hushindwa mara mbili za kwanza, na ya tatu hatuna haja ya kuifikia.

Mtu asiseme kwamba nailaumu lugha kwa kukosa maneno yasiyoegemea upande. Lugha yetu ina njia yake, tena ya zamani. Neno urefu latokana na refu, lakini mtoto mchanga ana urefu wa sentimeta 50, na hakuna anayedai kwamba mtoto huyo ni mrefu. Uzito latokana na zito, lakini unyoya una uzito wake. Upana, unene, ukubwa, yote yamekwenda njia hiyo: jina la sifa, likitokana na upande wa wingi, hupoteza upande wake linapoingia katika tungo ya kupimia, likawa jina la kipimo kizima tangu sifuri na kuendelea. Kanuni hii hufanya kazi kwa majina ya sifa. Mwendo si jina la sifa. Ni jina la tendo. Tendo huwapo au halipo. Kwa sababu hiyo ambatani yenye kichwa cha mwendo haikuweza kuifuata njia ya urefu na uzito, wala haitaweza kwa kulazimishwa.

V

Je, kasi lenyewe, likiwa peke yake, lafaa? Tulijaribu kwanza pamoja na jamaa zake. Haraka lina historia ya kupendeza: katika Kiarabu ndilo jina la mwendo wenyewe, pamoja na mwendo wa wanafizikia, lakini lilipoingia pwani lilichukua maana ya pupa na kutokungoja, na methali isemayo kuwa haraka haraka haina baraka yalifunga huko. Mbio ni kukimbia. Upesi na hima ni namna ya kutenda. Mwendo lina mizigo mitatu tayari: ni kwenda kwenyewe, ni umbali, kama tusemapo mwendo wa siku mbili, na ni kiasi cha wepesi, kama tumwambiavyo dereva apunguze mwendo. Neno lenye mizigo mitatu lisiongezwe wa nne. Bali litengewe mmoja, ule wa kwenda kwenyewe, nalo litatosha.

Kasi ni jina la sifa, nalo limekwisha kuanza kuifuata njia ya urefu na uzito. Twasema dereva amepunguza kasi. Kasi ya mto ni ndogo wakati wa kiangazi. Kasi ya ukuaji wa uchumi imeshuka. Katika mifano hii neno halisemi kwamba jambo ni la upesi. Lasema kiasi tu. Konokono ana kasi ndogo sana, na msikilizaji hacheki. Kitu kikiwa kimetulia, kasi yake ni sifuri. Sentensi hiyo yasimama. Ni katika tungo moja tu, "kwa kasi", ambapo neno bado lina upande, maana jiwe lililokwenda kwa kasi lilikwenda upesi. Hilo halina dhara, maana tungo hiyo ni kielezi, si jina la kipimo.

Ila haki itendeke. Kasi nalo lina doa lake. Katika vinywa vya watu neno hili lanukia nguvu. Upepo wa kasi si upepo unaopita upesi tu. Ni ule unaong'oa mabati. Maji ya kasi ni yale yanayomchukua mtu. Mtoto aliyelelewa na maana hiyo atafikiri kwamba penye kasi pana nguvu inayosukuma, na nguvu ikiisha kasi nayo huisha. Hili ni kosa la kale, wala si la Waswahili peke yao. Aristotle alifundisha kwamba kinachokwenda sharti kiwe na kinachokiendesha, na watu waliamini hivyo kwa karne nyingi, mpaka Newton mwaka 1687 alipoiweka sheria yake ya kwanza: kitu kisichotendewa na nguvu yoyote hubaki katika utulivu wake, au huendelea na mwendo wake uleule katika mstari ulionyooka. Basi mwalimu anayetumia kasi yampasa kulitenga mapema na nguvu, kwa mifano, kabla mazoea hayajamtangulia. Doa hili laweza kufuliwa kwa fasili. Lile la mwendokasi limo katika mshono wenyewe.

VI

Kipimo cha pili, kile chenye kujali upande, ndicho kilichotutaabisha zaidi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini Ujerumani nilishangaa kuona kwamba Wajerumani hawana taabu hiyo. Neno lao Geschwindigkeit hutumika kwa vipimo vyote viwili. Wakitaka kutaja kiasi peke yake, bila ya upande, husema hivyo kwa maneno zaidi. Wafaransa nao wana vitesse. Hakuna atakayesema kwamba fizikia ya mataifa hayo ilidumaa kwa kukosa neno la pili. Basi sharti tujiulize kwa unyofu: je, twatafuta neno kwa sababu fizikia yalihitaji, au kwa sababu Kiingereza kinalo?

Jibu langu ni kwamba twahitaji kuitaja tofauti, lakini hatulazimiki kuitaja kwa maneno mawili yasiyofanana. Na hapa kuna mitego. Mtu aweza kupendekeza kasi elekezi. Lakini elekezi ni cha kuelekeza, kama bei elekezi, na kasi haimwelekezi mtu mahali popote. Mwingine aweza kusema kasi elekevu; lakini mwelekevu ni mtu mwepesi wa kufahamu, na tutakuwa na kasi yenye akili. Kasi ya mwelekeo yaweza kufasiriwa kuwa ni kasi ambayo mwelekeo wenyewe unabadilika kwayo, jambo ambalo katika fizikia ni jambo jingine kabisa. Velositi, likiandikwa kwa herufi zetu, halina kosa la sarufi. Latamkika, nalo halikosi zaidi ya fizikia lenyewe, ambalo pia ni mgeni aliyekaribishwa. Kasoro yake ni kwamba halimpi mwanafunzi mshiko wowote: jamaa yake na kasi hauonekani, na uhusiano huo ndio somo lenyewe.

Mimi naona darasani ianzwe na tungo ndefu isiyo na fumbo: kasi yenye mwelekeo. Mwalimu aiseme, mwanafunzi aiandike, mpaka izoeleke. Wataalamu wakitaka kufupisha katika vitabu vya juu, wafupishe kuwa kasimwelekeo. Ambatani hii haina ubaya wa mwendokasi, maana kichwa chake ni kasi, na kasi ndiyo tunayoitaja. Mwelekeo huja nyuma kueleza ni kasi ya aina gani. Upatanisho wake ufuate kichwa: kasimwelekeo yake, wala si kasimwelekeo wake. Kwa lugha hiyo twaweza kusema sasa, bila ya kuchechemea, kwamba wastani wa kasi ya Temu ulikuwa mita 5.66 kwa sekunde, na wastani wa kasimwelekeo yake ulikuwa sifuri. Mwanafunzi atashangaa. Lakini atashangazwa na fizikia, si na Kiswahili, na huko ndiko kushangaa kunakofaa.

VII

Yabaki mchapuko. Neno hili latokana na chapuka, kuwa mwepesi zaidi katika mwendo, na umbo lake la m- na -o ni la kawaida, kama mchafuko na mzunguko. Uundaji wake hauna lawama. Ila kwa maana lina upande: kuchapuka ni kuongeza, si kupunguza, wala si kupinda. Dereva anapokanyaga breki, mwanafizikia husema kuna mchapuko unaoelekea nyuma, na msemaji wa Kiswahili huona kinyume kilicho wazi. Ugumu huzidi kwa jiwe lililorushwa juu. Linapofika kileleni kasi yake ni sifuri kwa papo hapo, lakini mchapuko wake ni uleule, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini. Mwanafunzi hutazama jiwe lisilochapuka wala kupungua, akajibu kwamba mchapuko hakuna.

Hata hivyo sisemi neno hili litupwe. Doa lake ni doa la lugha nyingi. Kilatini kililitoa jina hili katika neno la wepesi. Kiarabu kadhalika kilitoa tasaru' katika sur'a, yaani kasi. Na Mwingereza wa kawaida akisema kwamba gari lime-accelerate hana maana ya kwamba limepunguza. Kila mahali mwanafunzi wa fizikia hupanuliwa maana ya neno hili kwa fasili. Swali ni kama neno letu lapanuka bila ya kupasuka. Mchapuko lapanuka, kwa sababu mbili. Kwanza, halina kazi nyingine mitaani ya kushindana nayo. Msichana wa darasa la saba halijui kama jina la basi. Pili, lina ukoo ulio hai: chapua, chapuka, chapusha, mchapuko. Mwalimu aweza kusema nguvu hukichapusha kitu, na kitu huchapuka, akabaki ndani ya ukoo mmoja. Mwendokasi ni tasa, halizai kitenzi.

Kwa hiyo mchapuko libaki, kwa sharti kwamba lisifasiriwe kamwe kuwa ni kuongezeka kwa kasi. Fasili yake iwe: kiasi cha badiliko la kasi yenye mwelekeo kwa kila kipimo cha muda. Neno badiliko ndilo linalobeba yote. Hukubali kuongezeka, kupungua na kupinda. Nimeona maelezo mengi yanayoanza na kuongezeka kwa kuwa ndiyo mfano mwepesi, kisha yakamwachia mwanafunzi kuugundua upungufu katika mtihani. Tusimwekee mtego huo.

VIII

Nihitimishe. Nimesema kwamba mwendokasi ni neno zuri la Kiswahili na istilahi mbaya ya fizikia. Wananchi wamelipatia kazi linayoiweza, nasi tuwaachie. Kasi iwe jina la kipimo cha kwanza, likitengwa na nguvu. Kasi yenye mwelekeo, au kwa kufupisha kasimwelekeo, iwe la kipimo cha pili. Mchapuko libaki kwa kipimo cha tatu, kwa fasili ya badiliko. Mwendo lirudishiwe kazi yake ya kwanza, kuwa jina la kwenda.

Najua litakaloulizwa: kuna haja gani, ilhali katika Tanzania mwanafunzi akiingia sekondari hufundishwa fizikia kwa Kiingereza? Haja ipo hapohapo. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na fasili ya kwanza ya jambo lolote ndiyo inayokaa chini kabisa. Akivuka kwenda lugha nyingine akiwa ameambiwa kwamba sikio lake la Kiswahili lilimdanganya, hutia shaka katika sikio hilo, wala hatia shaka katika istilahi. Huanza kuamini kwamba sayansi ni mahali ambapo maneno ya nyumbani hayana maana yake. Hilo ni hasara kubwa kuliko kosa moja la hesabu.

Kamusi yetu ya kwanza ya fani hizi, ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliitoa mwaka 1990, na waliofanya kazi ile walilima ardhi ambayo haikuwahi kuguswa. Nasi hatuwaheshimu kwa kuyaacha maneno yakae bila ya kupimwa. Naomba wasomaji, hasa walimu wa hesabu na sayansi, wayajaribu maneno haya kwa sifuri, kwa konokono, na kwa breki, kisha waliandikie jarida hili waliyoyaona. Nikionekana nimekosa, nitakuwa nimetengua kauli yangu mara mbili, na hakuna ubaya.

Na yule msichana, popote alipo sasa, namdai radhi. Basi lilikuwa limesimama. Halikuwa na mwendokasi. Kasi yake ilikuwa sifuri.